Wigi Lenye Mvi Tatu

Jua likizama, fundi cherehani aliingia duka la nywele, kitambaa kakikaza kichwani. Kesho alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, na kichwa chake kilikuwa kitupu kama kiganja. Nywele zote zilimtoka ndani ya mwezi mmoja, bila homa wala kidonda. Angesimamaje mbele ya wakwe?

"Nataka wigi refu, lifanane na nywele za kweli," alisema. "Ila liwe la plastiki. Nywele za mtu sivai ng'o! Zina mwenyewe."

Muuzaji, mama mmoja aliyejifunga kilemba, alitabasamu. Fundi akanyoosha kidole kwenye wigi la juu kabisa, jeusi, la mawimbi.

"Hilo lina mtu," muuzaji alinong'ona. "Halijajaa bado."

Akampa jingine. Fundi naye si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alichomoa uzi mmoja wa mbele, akauwashia kiberiti. Ukayeyuka, ukawa kipunje kigumu, ukanuka plastiki. Roho ikatulia. Akalivaa, akaenda zake.

Nyumbani binti alimzunguka akishangilia. "Mama, umependeza! Hata mvi zako zimerudi."

"Mvi gani?"

"Zile tatu, nyuma ya sikio la kushoto. Palepale."

 Fundi akalivua wigi, akachomoa mvi moja, akaiwashia kiberiti.

Haikuyeyuka.

Ilijikunja, ikawa majivu. Harufu ya nywele... za mtu. Na nyuma ya sikio lake, kwenye ngozi tupu, moto ukamchoma.

"Mama yangu wee! Hizi ni zangu! Nani alizitoa humu ndani?"

Binti alirudi nyuma. "Kuna mama wa kilemba alipita... ananunua nywele za kwenye vitana. Ulikuwa hujaanza kunyonyoka. Nilimpa zako, nikadhani ni takataka tu."

"Zangu peke yake?"

Binti alikitazama kitana chake mezani.

"Mwanangu, nakuuliza! Zangu peke yake?"

Binti alipeleka mkono kwenye nywele zake nyeusi za mawimbi. Mkono ulishuka na fungu zima, laini, bila maumivu.

Fundi alitoka mbio kichwa wazi, aibu yote kaisahau. Dukani taa ilikuwa bado inawaka. Pale juu kabisa hapakuwa na kitu. Muuzaji alikuwa anafunga mlango, hana kilemba tena, mawimbi meusi yamemfika kiunoni.

"Limejaa," alinong'ona.