Nakala ya Siku Ile

Kwenye jengo la mafundi wa kompyuta kila mtu anakuita. "Dada, kioo? Chaji? Betri?" Mfasiri, ndani ya gauni lake la manjano, alikuwa akiwakwepa, kompyuta kifuani, alipomkanyaga mtu mguu.

"Pole jamani!"

"Pole haitoshi. Kisigino hicho kimenitoboa soksi."

"Basi nitengenezee hii, nikununulie soksi."

Ndivyo walivyojuana, Mfasiri na Fundi. Macho ya dada wa watu yalikuwa yamevimba kwa kulia, maana mchumba wake alikuwa amemwacha hivi hivi, bila hata kwaheri. Na kompyuta nayo ilikuwa inazimika hovyo.

"Kabla sijaigusa," Fundi alisema, "naichukulia nakala nzima. Si mafaili tu. Mfumo, programu, hata ukurasa uliouacha wazi. Siku ikifa, tunairudisha kama ilivyo leo."

"Leo? Ungechagua siku nyingine, baba. Hii siitaki."

Zikaja simu. "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje na sauti yako sijaisikia?" Mapenzi yakanoga, jengo zima likajua.

Mchana mmoja Mfasiri alimpelekea Fundi chakula, asimkute mezani. Lakini kwenye rafu kulikuwa na kompyuta kuukuu inayowaka, na ndani yake, loo! Picha yake. Mafaili yake. Shajara yake, wazi kwenye ukurasa wa siku ile ya machozi.

"Hii nini?" alimvaa Fundi alipotokea.

"Nakala isiyojaribiwa si nakala, mpenzi. Niliirudisha kwenye mashine hii nione kama itawaka. Nikasahau kuifuta."

"Ikawaka, ukakaa kitako ukanisoma!"

"Haki ya Mungu, sijasoma hata neno."

Akaifuta mbele yake. Akampa na diski yenye nakala yenyewe, hakubaki na nyingine. Mfasiri akaitia mkobani akaondoka. Diski akaifungia kabatini, simu za Fundi akawa hapokei, na moyo ulimuuma vibaya kwa sababu alimpenda yule mtu na hakujua kama anaweza kumwamini tena.

Alasiri ya mvua, akiwa katikati ya kazi, shajara ilijifungua yenyewe. Vibonyezo vimetulia tuli, herufi zikaanza kujipanga.

*Hajapiga simu leo pia.*

Akainyakua simu. Akampigia Fundi.

"Sasa unaniandikia humu ndani? Huna haya wewe!"

"Niandike nini? Niko juu ya ngazi, nafunga waya wa watu. Hebu zima intaneti."

Akazima. Herufi zikaendelea. *Kuna giza humu.*

"Fundi, njoo. Naogopa."

Alifika amelowa chepechepe, pumzi juu. Mfasiri alipomgeuzia kompyuta, Fundi aligeukia ukutani.

"Nisomee wewe. Shajara ni yako."

Akamsomea. "Ile nakala iko wapi?" Mfasiri akamfungulia kabati, Fundi akaitoa diski. Haikuwa imeunganishwa na kitu chochote, lakini ilikuwa ya moto, kama iliyoshinda kazini. Akaiweka chini upesi.

"Hii siijui," alinong'ona. "Miaka yangu yote ya ufundi, hii siijui. Nani anaandika?"

Mfasiri alirudi kwenye kompyuta. Ukurasa ulikuwa unauliza: *Baada ya yule, alikuja mtu?*

Hapo akaelewa. Yule msichana mwenye macho yaliyovimba alichukuliwa mzimamzima siku ile, akafungiwa kabatini, na hakuna aliyemwambia yaliyofuata. Huruma ikazidi woga. Akamtazama Fundi: maji yanamchuruzika, na bado ameukodolea macho ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Angeweza kukimbia. Angeweza kuchungulia.

Mfasiri akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akavuta pumzi.

"Geuka. Leo soma."

"Una hakika?"

"Nimekuruhusu, bwana. Soma."

Fundi akainama juu ya bega lake. *Alikuja. Yuko hapa. Nampenda, na nilimkosea.*

Fundi akayasoma mara mbili. Na chini ya maneno yale, taratibu, vibonyezo vimetulia, mstari mwingine ukajiandika: *Mwambie asiondoke.*

Chumba kilikuwa na baridi. Mfasiri akaushika mkono wa Fundi, akaukaza.

"Umesikia?" alisema. "Tumesema usiondoke."