Ukuta wa Karantini

Jioni ile Mama Breki alifunga duka, akachukua baiskeli yake yenye kikapu, akaenda kufagia njia. Si kwa ufagio. Kufagia, kwa wakodishaji wa baiskeli pale kisiwani, ni kupita wa mwisho baada ya wageni wote, kuhakikisha hakuna aliyepasukiwa na tairi kule kwenye mizinga ya kale au aliyenogewa na kupiga picha mpaka kiza kikamkuta. Kwa kawaida ilikuwa kazi ya mumewe. Lakini mumewe, Fundi, alikuwa kitandani.

Jina la Mama Breki alipewa na wateja. Hakukubali baiskeli itoke dukani kabla hajaziminya breki kwa mkono wake, ilhali ulimi wake wenyewe haukuwa na breki hata moja. Angekutania mpaka ulipe huku unacheka. Siku hizo utani ulikuwa umemkauka mdomoni.

Chanzo kilikuwa ukuta. Njia ya wageni ilianzia dukani kwao, ikapita ngomeni, ikaambaa na mikoko, ikaishia ndani ya karantini, majengo ambamo watawala wa zamani waliwafungia wagonjwa wa ndui walioshushwa melini. Karantini ilikuwa na lango moja tu. Waliingia hapo, hawakutoka; waliokufa walifukiwa kwa chokaa humohumo. Basi wageni wakawa wanalalamika kwamba wakifika mwisho inabidi wageuze na kurudi walikotoka. Fundi akasema njia nzuri ni ile inayozunguka. Akachukua nyundo, akautoboa ukuta wa nyuma kiasi cha kupitisha baiskeli, kisha akapanga mawe meupe kutoka kwenye tundu lile hadi mlangoni kwao.

Mama yake alikuwa amemwonya. "Mwanangu, waliojenga pale hawakusahau kuweka mlango wa pili."

Fundi alicheka. Siku hiyohiyo alirudi anatetemeka, akalala, na hakuinuka tena. Macho wazi, mwili baridi. Hospitali ya ng'ambo walimpima kila kitu wakasema hana ugonjwa. Mama Breki alikuwa anamwomba Mungu jambo moja: amrudishie mumewe. Hata akiwa kilema, hata akiwa bubu, ilimradi awe yeye.

Alipita ngomeni. Hakuna mtu. Alipita kwenye mikoko, kaa wakikimbilia mashimoni kwao. Jua lilikuwa limezama, umebaki ule mwanga wa kuona njia lakini si wa kutambua uso.

Alipovuka lango la karantini, harufu ikampiga.

Chokaa. Chokaa mbichi, kama iliyomwagiwa maji sasa hivi.

"Labda popo," alijisemea, kana kwamba popo hupaka nyumba rangi. Alishuka, akawa anaikokota baiskeli. Wodi zilijipanga kulia na kushoto, hazina paa, hazina milango.

Kisha akaona mtu mbele yake.

Alikuwa anatembea polepole katikati ya njia, kuelekea kwenye tundu. Amejitanda shuka. Shuka la maua ya njano... lile alilomfunika mumewe mchana ule, kwa mikono yake mwenyewe.

"Fundi?"

Hakugeuka. Lakini bega lile la kushoto lililoinama, angelikosaje? Moyo ulimruka kwa furaha. Amezinduka! Amekuja kumfuata! Akakazana. Na kadiri alivyokazana, ndivyo umbali kati yao ulivyobaki palepale.

"Mume wangu, nisubiri..."

Tss. Tss. Tss.

Nyayo. Hazikutoka mbele. Zilitoka ubavuni.

Kwenye mlango wa wodi alisimama mzee aliyejifunika gunia kuanzia kichwani. Uso haukuonekana.

"Shikamoo," alisema Mama Breki, maana adabu ni adabu.

Mzee hakuitikia marahaba. Alinong'ona tu.

"Binti... njia hii inatoka?"

Swali hilo Mama Breki alikuwa akiulizwa kila siku ya Mungu. Na jibu lake alikuwa akilitoa kila siku, huku anapachika mnyororo, huku anajaza upepo, bila hata kumtazama muulizaji. Akili yake ilikuwa kwa Fundi. Mdomo ukafanya kazi yake uliyoizoea.

"Inatoka, mzee wangu. Ukuta umetobolewa. Fuata mawe meupe, yatakufikisha mlangoni kwangu. Karibu sana."

Pale mbele, Fundi akageuka. Kwa mara ya kwanza Mama Breki akauona uso wake. Alikuwa anatikisa kichwa. Hapana. Hapana. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mzee alimpita Mama Breki bila kumgusa. Hakuwa tena na mwendo wa kizee. Akampita na Fundi, akainama, akatoka tunduni. Fundi alikimbia nyuma yake. Alipofika kwenye tundu alisimama ghafla, kifua mbele, kama mtu aliyegonga kioo.

Mama Breki aliitupa baiskeli, akamkamata mkono. Vidole vyake vikakutana vyenyewe. Hakukuwa na mkono. Kulikuwa na baridi na harufu ya chokaa.

"Bibie," Fundi alinong'ona, "nilikuwa nimeshafika tunduni... nilikuwa ninarudi. Mwili wangu ni mmoja tu, na yule anauwahi. Kimbia nyumbani!"

Mama Breki aliinyanyua baiskeli, akapita tunduni bila shida. Alikanyaga pedali mpaka mapaja yakawaka moto, jiwe jeupe baada ya jiwe jeupe.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, anacheka huku analia. "Mwanangu, Mungu mkubwa! Ameamka! Ameomba uji!" Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi wa watu alifurahi, na nani angekuwa na moyo wa kumweleza ni mgeni gani aliyeingia?

Ndani, Fundi alikuwa ameketi kitandani, bakuli mikononi, mashavu yamejaa damu. Sakafuni kulikuwa na alama za nyayo, nyeupe, kutoka kizingitini hadi kitandani. Hakukuwa na za kurudi. Aliyekuwa kitandani alisubiri mpaka mama mkwe alipokwenda jikoni kuongeza sukari.

"Asante, binti," alinong'ona. "Ulinikaribisha vizuri."

Mama Breki alipiga kelele mpaka majirani wakajaa. Alieleza, akaeleza tena. Wakamwambia uchovu, wakamwambia apumzike, furaha ikizidi humpagawisha mtu. Yule mtu kitandani akamshika mama mkwe mkono, akasema kwa upole, "Ulinionya, mama, nikawa mbishi. Kesho nitauziba ule ukuta."

Kulipokucha, alikuwa karantini na waashi wawili, anakoroga saruji na kupiga miluzi. Mama Breki aliketi tunduni akagoma. Hamzibi! Labda mnizike humu! Waashi walitazamana. Yule mtu akacheka taratibu. "Mwacheni kidogo," alisema, akawachukua kwenda kivulini.

Mama Breki akaingiza kichwa tunduni.

"Fundi... nipo. Hawazibi. Nitakaa hapahapa mpaka nipate mtu anayeyajua mambo haya."

Ilikuwa mchana kweupe. Kisha harufu ya chokaa.

"Ziba, bibie."

"Sizibi!"

"Wote walisikia ulivyomjibu yule. Njia inatoka. Mawe meupe. Mlangoni kwako, karibu sana." Sauti ilikuwa imechoka, kama ya mtu anayezuia mlango kwa mgongo. "Wamejipanga nyuma yangu, kila mmoja anataka mwili. Nimewazuia usiku kucha. Mama yuko wapi?"

Mama mkwe alikuwa nyumbani, amelala fofofo, mlango wazi, maana kwa furaha hakulala usiku ule.

Tss, tss, tss... Nyayo nyingi. Nyingi mno.

"Na wewe?" Mama Breki aliuliza. Alikuwa analia waziwazi sasa. "Na wewe, mume wangu, utakaa na nani?"

"Nitakaa nao. Fanya haraka... wananisukuma."

Mama Breki hakumruhusu mwashi yeyote aguse jiwe. Aliyapanga mwenyewe, akayashindilia saruji kwa viganja, kucha zikitoka damu. Lilipobaki pengo la kupitisha mkono, alipitisha mkono. Baridi ilimzunguka vidole, ikamkumbatia, ikakaa hapo. Kisha kitu kingine, chenye magamba, kikaanza kumpapasa kifundo cha mkono. Akautoa mkono, akapachika jiwe la mwisho.

Yule mtu alikuja kutoka kivulini, akamfuta vumbi usoni, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Twende nyumbani, mke wangu," alisema, kwa sauti ya Fundi kabisa.

Mmoja wa waashi akawatazama wanavyoondoka, akatabasamu, akamwambia mwenzake kwamba ndoa nyingine ni za kuigwa.