Vikombe Sita vya Kahawa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maimuna hupita kwa babu yake, Mzee Sadalla, anayeuza kahawa chungu na kashata pembeni mwa mtaa mmoja wa Kariakoo. Humwamkia, hupewa kipande cha kashata, kisha hushika njia. Kahawa hajawahi kupewa, kwani babu husema ni ya watu wazima.

Jumamosi ya fainali ya soka la ndani ya ukumbi, Maimuna, golikipa wa timu ya shule, alifika kwa babu mapema. Aliwaona wapagazi wakinywa vikombe viwiliviwili, kisha wakainua magunia ya mchele kama mito ya kulalia. Babu alipokwenda kuchota maji, alimwachia birika alilinde. Vikombe vyenyewe vilikuwa vidogo, mafunda mawili tu. Maimuna akapiga hesabu zake: kama viwili vinainua gunia, sita vitazuia hata penalti. Akanywa vyote sita.

Ukumbini mambo yakawa mengine. Moyo ulimwenda mbio, tumbo likamsokota, mikono ikatetemeka. Dakika ya tatu, mpira mwepesi ambao hata mdogo wake angeudaka ukampita mikononi. Bao.

"Vipi leo, umekula nini?" kocha wao, Mwalimu Severine, aliuliza.

"Chai na mkate tu, mwalimu," Maimuna alijibu huku akiangalia chini.

La pili likaingia vilevile. Safari hii mwalimu alimkaripia beki, Agnesi, kwamba hakabi. Agnesi alirudi kwenye nafasi yake, macho yamemjaa machozi. Maimuna aliona aibu kweli. Alijua akisema ukweli atakaa benchi, na fainali hiyo aliingoja mwaka mzima. Hata hivyo, mpira ulipotoka nje alimkimbilia mwalimu.

"Mwalimu, kosa si la Agnesi. Nimekunywa kahawa ya babu, vikombe sita. Mikono inatetemeka. Mwingize Nasreen."

Mwalimu akampa chupa ya maji. "Kaa hapo. Kunywa polepole."

Nasreen, ambaye tangu mashindano yaanze kazi yake ilikuwa kupanga koni za mazoezi, aliingia kwa woga. Akadaka mpira wa kwanza, akapata moyo. Agnesi alifunga mawili, na kipenga kikikaribia kulia akapachika la tatu. Maimuna alishangilia mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya mechi, Mwalimu Severine alimwomba Agnesi radhi mbele ya wote, kisha akamgeukia Maimuna.

"Wapo wachezaji wakubwa wanaotumia kahawa, lakini kwa kipimo, na wana wataalamu wa kuwaangalia. Wewe una miaka kumi na miwili. Nguvu yako ni usingizi, chakula, maji na mazoezi. Usirudie, na babu utamwambia mwenyewe."

"Nitamwambia, mwalimu."

"Haya, njoo upige picha na wenzako. Golini leo hukutusaidia kitu. Ulitusaidia ulipokubali kutoka."