Tabaka Alilolionja Shemeji

Mume wa dada yangu alikuwa mtu wa kujiona. Kazi yake ilikuwa kupima umri wa mawe ya bonde ambalo zamani za kale lilikuwa ziwa, na kuchora ramani ya matabaka yake. Basi sisi wengine alituona tumezaliwa jana. Mtaani tulimwita Mtaalamu. Alifurahi, hakujua tunamcheka.

Wenzake hutafuna punje ya jiwe kujua kama ni tope au mchanga, kisha hutema. Yeye alikuwa akimeza, tumwone shujaa. Tena ana pengo la mbele. Akicheka, unaliona pengo kabla yake.

Mchana mmoja alileta mezani kipande cheusi kilichotoka chini kabisa ya shimo walilochimba bondeni. Maabara walikipima wakakirudisha. Walisema hakina umri.

"Nitaupata mwenyewe," akajigamba.

"Baba, jiwe hilo usile," dada alimnong'oneza mumewe. "Lina joto."

"Unanifundisha mawe?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Aliuma, akameza.

"Tope laini," alisema, kisha akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aoe kwetu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Asubuhi mto wake wa kulalia ulikuwa na mchanga. Kesho yake, udongo laini juu ya mchanga. Akikohoa, maji yalisikika kifuani. Hospitali hawakuona kitu. Dada alikung'uta mashuka akilia. Siku moja aliamka, mume hayupo. Mlango umefungwa kwa ndani. Kitandani, tope lenye umbo lake.

Niliacha kucheka.

Wenzake waliendelea kuchimba. Tabaka lile jeusi wakalipata tena mahali pengine, wakalipasua, wakaniita. Ndani ya jiwe zima mlikuwa na alama za meno. Zina pengo.

"Anauma kwenda juu," mchimbaji alinong'ona.

Shimo lililofuata lilikuwa karibu na mji. Alama zimo. Zimepanda.

Nikaifungua ramani yake. Kuchora alijua, sitamnyima hilo. Tabaka jeusi linaanzia katikati ya bonde, linapanda, linapanda, linatokeza nyuma ya jiko la dada yangu. Alijenga pale makusudi, apate cha kuwaringia wageni.

Nilikwenda kumhamisha dada. Akakataa.

"Kaka, ni mume wangu. Akirudi atanikuta wapi?"

Leo asubuhi amenipigia simu, ananong'ona. Alikuwa anafagia uani. Jiwe la kizingiti cha mlango wa nyuma limeng'atwa, kwa chini. Tope bado bichi.