Mpira wa Jumanne

Kila asubuhi, kabla ya chai, Sisimizi alifagia karakana ya baba yake. Baba alikuwa seremala, na karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa hiyo vumbi la mbao liliingia kila mahali: kwenye viatu, kwenye nywele, hata kwenye sukari. Sisimizi alizoa maranda akayatia guniani, akapanga misumari kwa ukubwa wake, kisha akachukua gongo lake la kuchezea mpira. Baba alilichonga mwenyewe na kulipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto.

"Baba, naondoka."

"Chai umekunywa?"

"Nusu kikombe."

"Basi na mbio zako zitakuwa nusu. Rudi umalize."

Jina la Sisimizi alipewa na rafiki yake wa nyumba ya pili, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo lakini hakuna mzigo uliomshinda. Rafiki huyo naye aliitwa Shangazi. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, ila aligombeza watu kama shangazi aliyekuja kukagua nyumba. "Wewe, funga kamba za kiatu! Wewe, hilo shati umelipiga pasi au umelilalia?" Hata mwalimu mmoja aliwahi kuchomekea shati lake haraka alipomwona anakuja.

Mwaka huo timu ya shule ya mpira wa magongo ilikuwa inajengwa upya. Wasichana wakubwa walikuwa wamemaliza shule kwa mkupuo, na waliobaki walifungwa mabao tisa mechi ya kwanza, wakajitoa. Chumba cha vifaa kilikaa kimefungwa mwaka mzima. Kocha mpya, mwalimu wa kike mwenye sauti ya chini na filimbi kali, alipokifungua, alikuta jezi kumi na sita zimening'inia kwenye misumari, zimejaa vumbi, kama watu waliosimama wakisubiri kuitwa.

Hadi wiki ile, kumi na tano zilikuwa zimepata wenyewe. Ilibaki moja tu, ya winga wa kulia. Walioigombea walikuwa watatu: Sisimizi, Shangazi, na msichana mmoja aliyeitwa Pole, kwa sababu kila alipomnyang'anya mtu mpira alimwambia, "Pole." Watu hawakumhesabu. Mechi ya mchujo ilikuwa Ijumaa.

"Ukichaguliwa wewe, nitanuna siku tatu," Shangazi alisema njiani. "Ya nne nitakuja kukushangilia."

"Mimi nitanuna mbili."

"Una roho nzuri kunishinda. Au huna nguvu za kununa."

Jumanne walifika shuleni mapema sana wakaenda nyuma ya madarasa, kwenye ukuta mrefu. Kocha alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mpira wa kuinuliwa hewani haupigwi bila mtu mzima kuwepo. Mpira wa magongo ni mgumu kama jiwe.

"Inua mmoja nione," Shangazi alisema.

"Kocha amekataza."

"Kocha yuko kwake anakunywa chai. Mmoja tu. Lenga ukutani."

Sisimizi akauchota mpira kwa gongo. Haukwenda ukutani. Ulimpata Shangazi juu ya sikio.

Ko.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu amebisha hodi mara moja, kisha akaghairi na kuondoka.

Shangazi alikaa chini polepole. Macho yake yalitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Halafu akacheka. "Umenipiga, sisimizi wewe!"

"Twende kwa mwalimu. Twende sasa hivi."

"Ili iweje? Kocha akisikia tumeinua mpira, mimi na wewe tumekwisha. Hakuna hata damu, tazama. Apa hutasema."

"Shangazi..."

"Apa!"

Sisimizi akaapa.

Kuanzia saa ile, sauti ile haikumwacha. Mwalimu wa hesabu alipogonga ubao kwa chaki, ko. Mlango wa choo ulipojifunga, ko. Nyumbani ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana nyumba ya seremala hailali bila nyundo. Kila baba alipopigilia msumari, Sisimizi aliuona uso wa rafiki yake ukitazama pasipo na kitu.

Na Shangazi hakuwa sawa. Jumatano, njiani, aliuliza, "Leo tunaanza na somo gani?" Sisimizi akamjibu. Kabla hawajafika langoni alikuwa ameuliza mara tatu, kwa sauti ileile, kama hajawahi kuuliza. Wakati wa kurudi aliupita mlango wa kwao akaendelea kutembea. Ilibidi Sisimizi amshike mkono na kumgeuza. Alhamisi alijikinga jua kwa daftari, na mapumziko alitapika karibu na bomba.

"Chakula cha jana hicho," alisema akijifuta.

Sisimizi alikuwa amekula naye sahani moja, na tumbo lake halikuwa na neno. Lakini jambo lililomwogopesha zaidi ni kwamba siku mbili nzima Shangazi hakuwa amemgombeza mtu yeyote.

"Niseme?" Sisimizi alijiuliza. "Nikisema, nimevunja kiapo. Na nikisema, yeye ataondolewa, halafu watu watasema nimemsemea ili nipate jezi." Akajiambia angengoja Ijumaa ipite. Siku moja tu.

Jioni ile alikaa karakanani akimshikia baba ubao. Baba alipiga msumari wa kwanza, Sisimizi akashtuka. Akapiga wa pili. Kopo la misumari likamdondoka. Baba akamtazama. Aliiweka nyundo chini ya meza, akachukua randa, akaanza kulainisha ubao ambao ulikwisha kuwa laini tangu jana. Hakuigusa tena nyundo mpaka giza lilipoingia, ingawa kitanda cha mteja kilikuwa kimesimama na miguu miwili.

Sisimizi alijua kwa nini baba amefanya hivyo. Baba hakujua linalomuumiza, lakini aliona anaumia, naye akapunguza alichoweza kupunguza. "Na mimi ninajua," Sisimizi aliwaza. "Ninajua kila kitu, na nimekaa." Akaokota misumari iliyodondoka, akaenda kulala.

Ijumaa Kocha aliwagawa katika timu mbili. Sisimizi na Pole walikuwa upande mmoja, Shangazi upande wa pili. Darasa zima lilikuja kutazama.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka Shangazi alipopata mpira katikati ya uwanja. Aligeuka, akakimbia nao kwa kasi, kuelekea kwenye goli lake mwenyewe.

"Shangazi! Mimi ni wako!" kipa wake alipiga kelele.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Anahama timu huyo!" Hata Kocha alitabasamu. Shangazi alisimama akamtazama kipa, kama mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Dakika chache baadaye filimbi ililia: kona fupi. Katika kona fupi walinzi wanasimama kwenye mstari wa goli, na mshambuliaji anapigiwa mpira ili afumue kwa nguvu zake zote. Mlinzi aliyesimama pembeni ya mlingoti alikuwa Shangazi. Mshambuliaji alikuwa Sisimizi.

"Ukifunga hii, jezi ni yako," mtu alimnong'oneza.

Sisimizi alitazama golini. Shangazi alikuwa amelishika gongo juu chini. Juu ya sikio lake, chini ya nywele, palikuwa pamevimba kidogo. Hakuna mwingine aliyekuwa na sababu ya kupatazama.

Pole akausukuma mpira. Ulikuja vizuri, umenyooka, unangoja tu kupigwa. Sisimizi aliuacha ukapita. Gongo likamponyoka mkononi, akakimbia kwa Kocha.

"Kocha, simamisha! Mtoe Shangazi. Nilimpiga na mpira kichwani Jumanne. Niliuinua. Anatapika, anasahau. Mtoe!"

Kocha akapuliza filimbi.

"Mwongo!" Shangazi alisema. "Anataka nafasi yangu! Uliapa!"

"Husuda hiyo," msichana mmoja alisema, wala hakushusha sauti.

Kocha alitembea mpaka golini, akapiga magoti mbele ya Shangazi na kumshika mabega. "Binti yangu, hebu niambie. Leo ni siku gani?"

Shangazi alifungua mdomo. Alitazama watu, akatazama gongo lake, akatazama tena watu. Kisha akasema taratibu, kama anayekisia, "Jumanne."

Aliyesema husuda aliinamisha kichwa. Kocha alimbeba Shangazi mgongoni, ingawa msichana huyo alikuwa na mwili mkubwa, akaenda naye barabarani kutafuta gari, na Pole akawafuata mbio amebeba viatu na begi.

Daktari alisema ubongo umetikisika. Aliwaeleza Kocha na bibi yake Shangazi kwamba ubongo ukishatikisika unahitaji kutulia, na kwamba mpira mwingine kichwani kabla haujapona ungeweza kumlemaza, au kumuua. Wiki tatu za kupumzika, chumba chenye mwanga mdogo, hakuna kukimbia. Akifuata hayo, atapona.

Usiku ule Sisimizi alimweleza baba yote. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia tu, "Ulale. Kesho nitakwenda nawe kwa Kocha."

Orodha ilibandikwa Jumatatu. Namba kumi na sita ilikuwa ya Pole.

"Umekasirika?" Kocha alimuuliza Sisimizi.

"Hapana, Mwalimu. Kidogo."

"Uliinua mpira nilipokataza, kisha ukanyamaza siku tatu. Kwa hayo umekosa nafasi msimu huu. Mwenzako naye amekosa. Lakini ungefumua mpira ule wa Ijumaa, leo ningekuwa na jezi kumi na sita zenye watu na msiba mmoja. Msimu ujao uje kujaribu. Nitakuwa nakuangalia."

Pole, aliposikia, alimfuata Sisimizi darasani, akasimama karibu na dawati lake na kusema neno lake lilelile. Mara hii machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Sauti ile haikuondoka siku hiyo, wala iliyofuata. Ilipungua tu, kama maumivu ya jino baada ya kung'olewa. Siku ya tano Sisimizi alikusanya ujasiri akaenda nyumba ya pili.

Bibi alimfungulia. "Ingia, mjukuu wangu. Ongea taratibu, kelele zinamuumiza."

Pazia lilikuwa limefungwa. Shangazi alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Uliapa," alisema bila kugeuka.

"Niliapa."

"Nikakwambia usiseme."

"Uliniambia."

"Watu wote walinicheka."

"Mimi sikucheka."

Sisimizi aliona shuka inatikisika, akajua rafiki yake analia na hataki ionekane. Bibi akavuta kigoda, akakaa katikati yao.

"Nisikilizeni nyote wawili," alisema. "Nilimwona mtoto huyu anazima taa mapema, hali vizuri, nikasema ni uchovu wa mazoezi. Nyumba moja na mimi, sikujua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuna siri za kutunza. Mwenzako akikuambia anachokipenda, akikuonyesha zawadi aliyomfichia mama yake, hizo tunza. Lakini siri inayomuumiza mtu si yako wala si yake. Itoe uipeleke kwa mtu mzima, hata kama uliapa. Na wewe Sisimizi, uliogopa watu watasema una husuda. Ni kweli, walisema. Midomo ni yao. Hujafa kwa maneno yao, na huyu, kwa bahati tu, hajafa kwa kunyamaza kwako. Ila siku nyingine usingoje Ijumaa. Sema siku ileile."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi ndiye niliyemwapisha," sauti ilitoka chini ya shuka. "Mbona hunigombezi mimi?"

"Nakungoja upone. Kichwa kibovu hakigombezwi."

Sisimizi alicheka ghafla, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Shangazi naye akacheka, kisha akashika kichwa. "Aa, msinichekeshe, kinauma!" Akageuka, akamtazama rafiki yake kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, kuanzia nywele mpaka miguu.

"Na hivyo viatu," alisema, "umevipitisha kwenye matope yote ya mji? Vua huko mlangoni."

Sisimizi akavivua haraka. Aliporudi, Shangazi alikuwa amesogea ukutani ili apate pa kukaa.