Uyoga wa Kichuguuni

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha Bugwema. Mbuke alikuwa jikoni wakati mumewe, Mihayo, alipoingia na kikapu cha uyoga mweupe.

"Mama Ngusa, leo tunakula kinono! Nimeuokota kando ya zizi."

Mbuke alifurahi. Siku hizi uyoga umeadimika. Akainjika sufuria.

Mara akaingia Rhobi, dada mkubwa wa Mihayo, kuomba chumvi. Akachukua uyoga mmoja, akaugeuza.

"Wifi, epua! Ona haya matamvua chini ya kofia, yanageuka kijani. Huu ni sumu."

"Mbona wadudu wameula?" aliuliza Mihayo. "Tena tutauchemsha sana."

"Mdudu si mtu. Na kuna sumu haiondokagi hata uchemshe mpaka jioni. Mtu akiula, mwahisheni zahanati, na mabaki ya uyoga mkononi. Umwageni, kisha mnifuate."

Aliwapeleka porini, kwenye kichuguu kikubwa chini ya miti. Uyoga ulikuwa umechomoza ubavuni mwake. Mbuke akainama aung'oe.

"Usikate. Chimba taratibu," alisema Rhobi.

Mbuke alichimba kwa kijiti. Mguu wa uyoga ukashuka, ukashuka, mwembamba kama mzizi.

"Umeona? Unatoka kwenye nyumba ya mchwa. Wao ndio wanaoulima. Juu ya kofia kuna kinundu. Chini ni mweupe. Shinani hauna kikombe. Alama moja haitoshi, wifi, tazama zote. Ukiwa na shaka, acha. Na mkivunja kichuguu au mkikata miti hii, mmeufukuza."

Siku hiyo walikula ugali kwa uyoga, wakalamba vidole.

Msimu mzima Mbuke alifuatana na Rhobi porini. Msimu uliofuata, wanawake wa kitongoji walianza kumletea Mbuke vikapu vyao avikague. Hakuna aliyeugua.

Siku moja alikuja Kudura, mfanyabiashara kutoka Bunda mjini, na kapu la uyoga aliouziwa njiani. Mbuke alishika mmoja mmoja. Wote ulikuwa umekatwa miguu.

"Huu siujui," alisema.

"Hujui? Nimeambiwa wewe unajua uyoga kuliko wote hapa!"

"Ndiyo maana nakwambia siujui, dada. Nisichokijua hakiingii chunguni."

Kudura alilitazama tena kapu lake. Kisha akaomba jembe, akachimba shimo, akaufukia wote.

Mihayo alikuwa akikamua ng'ombe. Akapaza sauti mpaka majirani wakasikia:

"Huyo ndiye mke wangu!"

Siku hiyo Mbuke alitembea kifua mbele.