Kilo Tisa za Paskazia

Mgeni aliingia dukani bila hodi, akafungua pipa tupu la asali, akatumbukiza kichwa ndani na kunusa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, Isevya, Tabora, na duka lilikuwa limejaa watu. Paskazia alikuwa akiwamiminia wateja asali kwenye chupa. Gauni lake la kitenge cha manjano lilikuwa na madoa ya kazi, na kilemba kilikuwa kimelala upande.

"Kaka, asali iko huku. Hilo ni tupu."

"Ndilo ninalolitaka, dada." Sauti ilitoka kama ya mtu aliye kisimani. Kisha kichwa kikatokeza: kijana mrefu, shati limepauka kwa jua, kamba nene ya bluu begani. "Mfuniko huu ukifungwa, maji yanaingia?"

"Asali haitoki. Ya maji utajua wewe."

Aliitwa Prosperi Niyokwizera, mtoto wa wakulima wa Ulyankulu. Kwa miaka minne alikuwa Jinja, Uganda, akiongoza boti za mpira kwenye maji makali ya Nile. Sasa alikuwa amerudi na boti moja iliyotumika na mpango mmoja: siku tano kwenye mto Malagarasi, kuanzia Uvinza, mahali ambapo misafara ya zamani ilinunua chumvi, kushuka kupitia bonde la mawe ambako kiangazi husaza miiba tu. Watu sita. Hakuna barabara, duka wala mtandao. Kila kitu ndani ya mapipa.

"Nataka manne. La chakula, la nguo, la dawa na vyombo. Na la nne..." Akasita.

"La nne nini?"

"Choo. Hatuachi kitu bondeni, dada. Tunachoingia nacho tunatoka nacho, hata hicho."

Wateja waliangua kicheko. Paskazia alijikaza. "Hilo la nne usinirudishie."

Tatizo lilikuwa harufu. Pipa likinukia asali, nyuki wa kwenye majabali wangeikalia boti. Paskazia, aliyekulia kwenye mizinga ya baba yake Usinge, hakuhitaji kuelezwa.

"Nitayaosha mwenyewe, kwa majivu, ndimu na maji ya moto. Nitayaanika wazi uani. Siku ambayo hatatua nyuki hata mmoja, uje uyachukue."

"Ni ahadi?"

"Ahadi. Na wewe nipe kiti." Alilisema haraka, kabla woga haujamfikia. "Mto Ugalla unapita karibu na mizinga ya baba, unakwenda kuingia Malagarasi. Tangu utoto nayaona yale maji yakiondoka. Sijawahi kuona yanakokwenda."

Prosperi alimtazama kidogo. "Kiti cha mbele, kushoto. Hakitolewi kwa mtu mwingine."

Mwanzoni walipigiana simu kuhusu mapipa. Baada ya wiki, mapipa yalitajwa mwishoni tu, kwa adabu.

"Malkia, nyuki wangapi leo?"

"Kumi na wawili, Nahodha. Mmoja alikuulizia."

"Alisemaje?"

"Kwamba maneno yako ni matamu kuliko pipa, anaomba nikuoshe na wewe."

Jumapili baada ya misa Prosperi alimpeleka bwawa la Igombe, akamvalisha jaketi la kuelea na kumfundisha kulala majini. Alikishika kisogo chake kwa kiganja. Baadaye alikiondoa kiganja bila kusema, na Paskazia alipogeuza macho alimwona amesimama mbali, anatabasamu. Alikuwa anaelea peke yake. Siku hiyo Paskazia alimpenda, ingawa alichosema ni kwamba maji ni ya baridi.

Kisha likaja swali.

"Una kilo ngapi, mpenzi?"

"Mnyamwezi haulizwi kilo. Anaulizwa mwendo."

"Kweli, Malkia. Boti ina kikomo chake."

Paskazia alikuwa na kilo sitini na mbili. Mizani ya duka ilikuwa hatua moja kutoka alipokaa. Lakini alikuwa amelelewa na mama yake mdogo, Kabula, aliyeamini kwamba msichana mwepesi analiaibisha jiko la kwao.

"Sabini na moja," alisema.

Siku nne kabla ya safari Prosperi alipiga simu akiwa njiani kwenda Uvinza kuukagua mto. Sauti yake ilikuwa ya uchovu.

"Nimejumlisha kila kitu. Tumezidi kilo tisa. Lazima kitu kibaki."

"Kitu gani?"

Simu ikakatika. Hakupiga tena siku hiyo, wala iliyofuata.

Paskazia aliandika ujumbe mara tatu kukiri uongo wake, akaufuta mara tatu. Halafu akakasirika, maana hasira ni nyepesi kuliko aibu.

"Kwani wewe ni gunia, ushushwe ukizidi?" alisema mama Kabula. "Mpe mapipa yake, mmalizane."

Jumanne alikuja Mustafa, mnunuzi wa Shinyanga, na gari lake. Angechukua asali yote ya msimu siku hiyohiyo, ikiwa kwenye mapipa. Akayaona manne uani.

"Yale yana mwenyewe," alisema Paskazia.

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Basi yana mwenyewe gani, binti?"

Mustafa akaenda kununua kwa jirani. Paskazia akachota majivu, akayaosha mapipa mara ya saba. Hakutua nyuki.

Alhamisi, siku ya safari, aliyapeleka stesheni kwa guta la magurudumu matatu. Prosperi alikuwa pale na msaidizi wake Aleksi na wageni watatu, akipima mizigo kwenye mizani ya vifurushi.

"Malkia! Mtandao ulikatika, kisha simu yangu ikazama mtoni, na namba yako sikuwa nayo kichwani. Nisamehe."

Paskazia alikuwa akiisoma orodha kwenye kipande cha boksi. Jina lake lilikuwa pale: Paskazia, mbele kushoto, 71. Chini kabisa, mstari mmoja ulikuwa umekatwa: hema na godoro la Prosperi, 9.

"Hema lako liko wapi?"

"Limebaki Ulyankulu. Nilikwambia hicho kiti hakitolewi."

Paskazia alivua viatu, akapanda mizani.

"Sitini na mbili," Aleksi alisoma kwa sauti.

Prosperi aliinama kuutazama mshale mwenyewe. "Kilo tisa zimekwenda wapi?"

"Sikuwahi kuwa nazo."

"Yaani nitalala nje usiku wote wa safari kwa ajili ya kilo ambazo hazipo?"

"Na mimi nimemnyima Mustafa asali ya msimu mzima kwa ajili ya choo chako."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka hakujulikana, na treni ya Kigoma ikapiga honi kabla hawajamaliza. Hapakuwa na muda wa kulifuata hema.

Prosperi alifungua pipa la kwanza, akatumbukiza kichwa. Halikunuka kitu. Akafungua la pili. Ndani, chini kabisa, lilikuwapo begi la Paskazia, limefungwa kwa khanga.

"Na hili?"

"Lipime," alisema, akitazama pembeni. "Sikutaka nionekane nimekuja kuomba."

Hakulipima. Alirudisha mfuniko, akaikaza pete ya chuma, akaliinua pipa begani na kulipandisha kwenye behewa.